Pole ya mkono wa mama

Shoga yangu,

Asalam aleykum. Voisi yako nimeipata jana usiku, nimeisikiliza mara tatu, pole sana mpenzi na umpe pole mama kwa kuanguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Nakuandikia kwa urefu mana kwenye simu ulikuwa unalia na mie haya yalonipata kwa bi mkubwa wangu mwaka jana sitaki yakupate na wewe.

Kwanza bangili. Kama bado anazo mkono huo mvue sasa hivi, na pete pia, mkono unavimba na dhahabu haitanuki. Sie tulichelewa, pete yake ya ndoa ikabidi ikatwe na koleo, akailia ile pete kuliko mkono wenyewe.

Bi mkubwa naye aliteleza uani alfajiri anakwenda kutia udhu, akatanguliza kiganja, kifundo kikapinda kama uma. Majirani wakaleta mkandaji na mafuta ya karafuu nami nikakubali, kakandwa siku mbili anapiga kelele. Hilo najutia mpaka leo. Mfupa ulovunjika haukandwi shoga, na vile vijiti wakandaji wanavyofungia mkono vikibanwa sana damu haifiki vidoleni, mtu anaweza kupoteza mkono mzima.

Hospitali wakamchoma ganzi palepale palipovunjika, wakauvuta ukarudi, wakamtia plasta, tukaenda zetu nyumbani. Hakuna alotwambia turudi kupiga eksirei nyingine baada ya wiki moja, na wiki ya pili, mana ndo wakati mfupa unapohama ndani ya plasta. Tulipokwenda ushahama. Mie nikachanganyikiwa, nikataka apasuliwe atiwe chuma, nikaanza kuuza vitu nimvushe. Daktari mmoja wa mifupa akanikalisha chini akanambia wazee waliopita miaka 65 wamechunguzwa sana, waliotiwa chuma na waliokaa na plasta, ukifika mwaka mmoja kazi ya mkono inakuwa karibu sawa, hata kama kwenye picha mfupa unaonekana umekwenda upande. Chuma kinampa nguvu mapema zaidi ile miezi ya mwanzo, basi. Ila kama mfupa umetoboa ngozi hapo hapana mjadala. Na mama akikwambia kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi na inazidi, mrudishe usiku huohuo, mshipa wa fahamu umebanwa. Vidole vikiwa baridi au vyeupe pia usingoje asubuhi.

Kwa hiyo usiuogope mkono kupinda, ogopa vidole kuganda. Plasta ni kama wiki 5 au 6, na wazee wetu wakishaambiwa mgonjwa wanautuliza mkono kama yai, hapo ndo unapogandia. Mie nilimtia tasbihi mkono uleule wa plasta, kila baada ya sala anaihesabu kwa vidole vyake, na bega nalo anyanyue mkono juu mara kadhaa kwa siku. Akilala uweke juu ya mto. Na kama anahangaika na udhu kama wangu alivyohangaika, muulize sheikh wenu, sie tuliambiwa apanguse juu ya plasta inatosha.

Jengine, usiache hospitali bila kuuliza kwa nini kuanguka vile tu kumemvunja. Mwanamke akishakatika siku zake mifupa inakonda, na anayevunja kifundo leo yuko hatarini kuvunja nyonga kesho, na nyonga shoga ndo inayowalaza kitandani. Uliza kipimo cha mifupa, uliza dawa, uliza vitamini D. Dagaa ale na miba yake. Kule uani tia taa na zile kandambili zilokwisha kisigino zitupe bila kumuuliza.

Bi mkubwa mkono wake mpaka leo umepinda kidogo ukiuangalia, lakini anakuna nazi mwenyewe na ukili anasuka. Tangu jana kasikia habari za mama yako kaanza kumsukia msala, ukimalizika nakuja nao.

Mie mwenzio,
Wete