Mbegu za mama si chanzo cha njaa

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka nenda miaka rudi na sijawahi kukusumbua kwa barua. Lakini ile ripoti yenu kwamba sisi wa Ukambani tunavuna haba kwa kung'ang'ania mbegu za kienyeji imenishinda kumeza.

Mbona hamkutaja sheria? Kumuuzia au kumgawia jirani mbegu zisizosajiliwa kungeweza kukuletea faini ya hadi shilingi milioni moja, au jela hadi miaka miwili. Wakulima 15 walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2022, na uamuzi wa kutufungulia ukatoka Novemba 2025. Kabla ya hapo watu walipeana kunde kwa kunong'ona, kama wauza chang'aa.

Sasa niwaambie habari za hizo mbegu bora. Nilinunua pakiti dukani, stika ya kuthibitisha mbegu ipo, punje zimepakwa rangi ya waridi. Nusu hazikuota. Zilizoota zilifika magotini zikanyauka, ilhali pale ukingoni, kwenye mistari michache ya mahindi ya Kikamba, watoto walikula ya kuchoma. Mbegu hizo ni za mama. Alichagua mahindi yaliyojaa, akayatundika juu ya meko yapate moshi. Siku ya kupanda, punje za nchani na za kitakoni zilikwenda chunguni, za katikati ndizo zikaenda shambani. Kunde alizichanganya na jivu, akazitia kibuyuni, akaziba mdomo kwa samadi. Fukusi walipita mbali. Nilipomrudishia mwenye duka pakiti yake, aliniuliza kama nilisali kabla ya kupanda!

Na hao wa kaunti nao! Mbegu za msaada zinafika Desemba, mvua ya vuli inaaga, nasi tunapangwa foleni juani tupigwe picha na magunia. Nani alisema mahindi hupandwa kwa picha?

Benki ya jeni ya taifa iko Muguga, mbegu za mababu zetu zimelala huko kwenye baridi. Ziletwe. Kila Septemba chifu atenge siku moja ya soko, watu wabadilishane mbegu, kikombe kwa kikombe. Hotuba zisiwepo. Mheshimiwa akitaka kuhudhuria aje na kibuyu chake, na asiyejua kilichomo ndani akae nyuma na watoto.

Mkulima,
Kitui