Mwanangu, Nusu ya Pili Bado Haijaingia

Mwanangu,

Natumai hujambo huko Mtwapa. Sisi wazima, isipokuwa bibi yako na lile goti lake. Mama yako alinisomea ujumbe wako jana usiku, akaurudia, kisha akaniuliza, "Haya, utamjibu nini?" Kwenye simu mimi na wewe hatuelewani, na kila nikianza kukueleza jambo salio linakatika. Ndiyo maana nakuandikia.

Sikukatazi kwenda kufanya kazi Doha, kule Qatar. Vijana wa hapa wako kule wanalinda maghorofa, mwezi ukiisha wanatuma, na wewe si mzembe kuliko wao. Ninayemtilia shaka ni huyu ajenti anayekutafutia kazi. Anataka shilingi 120,000. Wewe unasema unazo 65,000, na zilizobaki unasema ziko kwa mama yako. Haziko. Nusu ya pili ya zile pesa za msaada tulizoandikishiwa hapa kijijini bado haijaingia. Jina la mama yako kwenye kitambulisho na kwenye laini ya simu halikufanana, herufi moja tu, na mpaka sasa linarekebishwa. Na hata zikiingia, nani amekwambia ni za ajenti?

Umeandika kwamba pesa hizi ni za bila masharti. Kweli, tuliambiwa hivyo barazani mbele ya chifu: hakuna wa kuja kukagua risiti, ukitaka nunua mbuzi, ukitaka ezeka, ukitaka kula, kula. Wengi hatukuamini. Tulishasikia za Homa Bay, mwaka 2016, watu walivyokataa pesa kama hizi wakisema ni za mashetani, na hapa kwetu neno la majini halihitaji kusukumwa ili litembee. Lakini asiyeweka masharti ni yule aliyetoa. Hakusema sisi kwa sisi tusiulizane. Zimeandikishwa kwa jina la mama yako, nami mwenyewe nikitaka kitu naomba kama wewe. Nilitaka ng'ombe wa maziwa. Nimenyimwa.

Yale uliyotuma ya watafiti waliochunguza pesa kama hizi kule Rarieda, kwamba walipowapa waume na walipowapa wake hawakuona tofauti kubwa, mama yako alipofika hapo alicheka mpaka bibi akaamka. Na pale unaposema hawakuona pesa zikiishia kwenye pombe na sigara, alisoma kwa sauti huku ananitazama. Mnazi wangu naulipia kwa makuti ninayouza, umwambie hivyo.

Wewe hukuwepo msimu huu, ndiyo maana unaziona ni pesa za kuchota tu. Unajua tulivyokuwa tukilima, sina haja ya kukusimulia: mvua ya kwanza ni ya shamba la mtu, kwa sababu siku hiyo ndiyo nyumbani hakuna kitu na yeye ndiye mwenye unga. Letu tunalipanda wiki mbili tatu baadaye, kwa mbegu za gunia la jikoni, na mvua ikikata, mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Mwaka huu, kwa ile nusu ya kwanza, unga ulikuwa ndani. Mashimo tulishayachimba udongo ungali mkavu. Mvua ilinyesha usiku, na alfajiri mama yako alikuwa kwenye shamba lake mwenyewe na mfuko wa mbegu za dukani, zile zilizopakwa dawa, vidole vimekuwa vyekundu mpaka kwenye kucha. Jirani yetu mwenye shamba kubwa akaja kupiga hodi anatafuta watu wa kibarua. Nikamwambia tunashukuru, leo tunalima kwetu. Akasimama kidogo kama hakunisikia. Baadaye nilisikia amelazimika kupandisha malipo ya siku ndipo akapata watu.

Basi tukavuna, na hatukuuza hata debe moja Agosti, kwa kuwa ada ya dada yako ilikuwa imeshalipwa na mwenye duka hakuwa na deni letu. Zamani tungeuza bei ya chini halafu Januari tukanunua mahindi yale yale kwa bei ya juu. Safari hii yamo ndani ya ile mifuko isiyopitisha hewa na dumuzi hajayaonja. Na sijachoma makaa mwaka mzima. Hilo nalo liandike kwenye hesabu zako, maana ile miaka ya ukame, kuanzia vuli ya 2020, mvua zilipokataa mara tano mfululizo, unajua ni miti gani tuliimaliza.

Mabati umeyaona kwenye picha. Mbuzi ni watatu, na mmoja ana mimba. Tungepata wanne, ila walanguzi walisikia habari za pesa kabla yetu, na sokoni bei ilipanda siku ile ile, kisha ikarudi.

Sasa tuje kwa Siaya, ambako nako waligawiwa pesa kama hizi. Unasema wasomi wamehesabu kwamba kila shilingi iliyoingia kule ilizunguka mpaka ikaleta karibu mbili na nusu, na bei za vitu hazikupanda kiasi cha kusema. Nakubali, kwa sababu nimeona. Fundi wa mabati hakuandikishwa, lakini amefanya kazi nyumba baada ya nyumba. Mama wa mandazi naye hakuandikishwa, na ameongeza karai. Sasa wewe uliyesoma nisaidie hesabu hii: hizo 55,000 zikitumwa kwa ajenti Mombasa, hapa zitazunguka wapi?

Na usidhani kuna nyingine nyuma yake. Kuna watu wa Siaya na Bomet walioahidiwa kila mwezi kwa miaka 12, karibu 2,250 kwa simu. Hao wanaweza kukosea mwezi huu wakarekebisha mwezi ujao. Sisi ni mara mbili, kisha kwaheri.

Nilimuuliza mwalimu wa shule ya hapa kuhusu Qatar, akatafuta kwenye simu yake. Tangu 2021 kima cha chini cha mshahara kule ni riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asipokupa chakula na malazi anaongeza 300 na 500. Riyali 1,000 ni kama 35,000 zetu. Ajenti wako amekwambia 70,000. Amezitoa wapi? Mwalimu akaniambia pia kwamba sheria ya kule inakataza mfanyakazi kutozwa pesa za kuajiriwa. Jina la ofisi yake limo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira? Anayo ofisi, au anakutana na nyinyi hotelini? Mkataba umeuona kwa macho yako, una jina la kampuni utakayoifanyia kazi? Nakuuliza wewe mwenye cheti cha ufundi, wa kwanza katika nyumba hii. Ukiwa jengoni hukubali saruji iingie bila kuhesabu mifuko, nimekuona. Huyu mtu unampa pesa bila risiti kwa nini?

Mama yako anasema naandika kwa ukali. Anasema pia kwamba ulipotaka kwenda chuo cha Mombasa nilisema sina, na pesa zilikuwepo. Hilo tuliache.

Yeye nusu ya pili anaitakia tangi la lita 5,000 na mifereji, kwa kuwa mabati sasa yapo na maji ya mvua yanamwagika bure huku akienda bwawani na mitungi. Sina la kumpinga. Lakini amesema jambo moja na ameniruhusu kukwambia: zamu yake ya chama ni Desemba. Ukija na mkataba, na jina la ajenti likawa kwenye ile orodha, atakaa na wewe mzungumze kuhusu hizo za chama. Si zote. Na hazitapitia mkononi mwa ajenti kabla hujapata viza. Mimi sikupenda ahadi hiyo, ila pesa za chama nazo si zangu.

Kwa hivyo usimpe hata ile 65,000 yako. Akikwambia nafasi zinaisha Ijumaa, mwache aijaze hiyo nafasi.

Baba yako mdogo bado hajapoa. Nyumba yake ilirukwa wakati wa kuandikisha, na anaamini mimi ndiye niliyesema ana duka. Duka lenyewe ni sabuni na kiberiti! Ukija mpitie kwanza yeye kabla hujafika kwetu, mbebee sukari. Dada yako anataka kalamu za kuchorea na kikokotoo, asikudanganye kwamba mwalimu amesema lazima kiwe kile cha bei. Paa la jiko bado ni la makuti na linavuja upande wa kuni, nitakungoja tulifanye pamoja.

Na huyo mbuzi mwenye mimba anakohoa kidogo usiku. Ukipita Kilifi mjini ingia maduka ya pembejeo, ununue dawa ya minyoo, ile ya kunywesha, chupa ndogo. Huku wanaiuza bei ya kukukomoa. Muulize muuzaji kama inafaa kwa mwenye mimba, usichukue tu. Mama yako atakurudishia.

Baba yako.