Risala ya Chama cha Wanafunzi wa Elimu ya Jinai kwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Polisi wa Wilaya

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunakiri kwamba gari lako lilipoingia getini baadhi yetu tulishtuka kidogo, ndipo tukakumbuka kuwa tumekuita wenyewe.

Ndugu Mgeni Rasmi, chama hiki kilianza kama kundi la kujisomea, na swali la kwanza kutugombanisha lilikuwa hili: uhalifu ni nini? Tulidhani ni ubaya tu. Mwalimu akatukumbusha katazo la mifuko ya plastiki hapa Tanzania. Tarehe 31 Mei 2019 mama aliyetoka sokoni na nyanya zake kwenye rambo hakuwa na kosa. Kesho yake, rambo lilelile lilikuwa kosa kisheria. Mama hakubadilika, sheria ndiyo iliyobadilika.

Tukaingia kwenye nadharia. Mwanafikra wa Kiitalia Cesare Beccaria aliandika mwaka 1764 kwamba kinachomzuia mtu ni uhakika wa kukamatwa na kuadhibiwa kuliko ukali wa adhabu. Daktari wa Kiitalia Cesare Lombroso naye, mwaka 1876, baada ya kupima mafuvu ya wahalifu, alidai wapo wanaozaliwa wahalifu, na kwamba hutambulika kwa taya na masikio. Tulicheka sana. Kisha mwenzetu mwenye rasta akasimulia alivyosimamishwa na kupekuliwa mara tatu ndani ya wiki moja, akiwa na madaftari tu. Kicheko kikaisha. Hapo ndipo mwanasosholojia wa Marekani Howard Becker alipotuingia: mwaka 1963 alieleza kuwa jamii ikishambandika mtu jina la mhalifu, hata njia za halali humfungikia, akabaki na wale wanaompokea kwa jina hilohilo.

Lakini nadharia tunayoipenda zaidi tuliisoma nyuma ya hosteli yetu. Pale kichochoroni palikuwa na taa moja, na chini yake mama ntilie akikaanga chapati hadi saa nne usiku. Taa ikaungua. Mama naye akaondolewa, eti si eneo rasmi la biashara. Haukupita muda, simu zikaanza kuporwa. Vijana wa mtaa ni walewale, na umaskini haukuongezeka wiki ile. Wanasosholojia wa Marekani Lawrence Cohen na Marcus Felson walisema mwaka 1979 kwamba uhalifu hutokea panapokutana mtu aliye tayari kuutenda, kitu cha kuchukuliwa, na kukosekana kwa mlinzi. Mlinzi wetu hakuwa na sare, Afande. Alikuwa na kikaango.

Ndugu Mgeni Rasmi, misako imefanyika pale na tunashukuru, ila askari wakiondoka giza linabaki. Tunaomba utusemee kwa wahusika taa irudi, na mama arudi. Tunaomba pia nafasi za mafunzo kwa vitendo katika vituo vyako. Ofisi moja tuliyoiandikia barua tatu haijatujibu hata kwa kukataa.

Mwisho, muda ukiruhusu, tunaomba utembee nasi hadi kichochoroni kabla jua halijazama. Mama ntilie sasa yuko ng'ambo ya barabara, na ametutuma tukwambie chai ipo.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa kwako na Katibu wa Chama.