Ugalla nayo iandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niisemee hifadhi ya huku kwetu magharibi. Ukiwauliza wanafunzi wangu hapa Urambo wataje hifadhi ya taifa, jibu ni Serengeti au Mikumi. Ugalla, jirani yao kabisa, iliyopandishwa hadhi kutoka pori la akiba mwaka 2019, wengi hawaijui. Inaniuma.

Masika Mto Ugalla hufurika hadi mbugani. Kiangazi kikikolea maji hukatika, yakabaki madimbwi, na humo viboko hujazana ubavu kwa ubavu, tope limewakaukia migongoni, mamba wamejilaza kingoni vinywa wazi. Ifikapo Septemba, mvua bado kabisa, miyombo huchipua majani mekundu msitu mzima. Palahala dume akipita chini yake, mweusi ti, pembe zimepinda kuelekea mgongoni, huwezi kuondoa macho. Mbung'o wapo, na wanauma kweli. Vaeni mikono mirefu.

Maji hayohayo huingia Malagarasi na kuishia Ziwa Tanganyika, kwa hiyo hata mvuvi wa Kigoma ana lake katika msitu huu. Ukichomwa na kukatwa ovyo, hasara si ya Tabora peke yake.

Shule zetu zisaidiwe usafiri, watoto wakaione. Nawe Mhariri, tafadhali mtume mwandishi na mpiga picha kabla mvua za Novemba hazijaharibu barabara.

Mwalimu,
Urambo, Tabora