Programu huria zinawahitaji pia walimu wa lugha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie programu huria za kompyuta, yaani zile ambazo mtu yeyote ana ruhusa ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuwagawia wengine. Husemwa kwamba sisi tusiojua kuandika programu hatuzichangii kwa kuwa hatuna cha kutoa. Sikubaliani kabisa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Mwaka jana, katika programu moja ya kuandikia iliyotafsiriwa kwa lugha yetu, nilikuta kwenye menyu neno "Okoa" mahali palipostahili "Hifadhi", na mwanafunzi akaniuliza faili lake linaokolewa na hatari gani. Kulisahihisha neno hilo ni kazi ya dakika moja. Hata hivyo, nilitakiwa nifungue akaunti, nieleze hitilafu kwa Kiingereza, nitaje toleo la programu, kisha nipakue msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu, na kuurudisha pamoja na sahihisho langu kwa kutumia Git, chombo cha kutunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo ambacho hata waandishi wa programu huchukua muda kukizoea. Nilihangaika jioni tatu, nikaacha. Neno "Okoa" lipo hadi leo.

Penye mlango mwepesi watu huingia. Katika Common Voice, mradi wa shirika la Mozilla unaokusanya sauti za kuifundisha kompyuta kutambua usemi, mchangiaji husoma sentensi kwa sauti, au husikiliza za wenzake na kuzithibitisha, na Kiswahili kimepata sauti nyingi kwa njia hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu huria za ofisi za OpenOffice, kupitia mradi wa Kilinux, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya kutafuta istilahi. Vivyo hivyo, kisahihishi cha tahajia kinachopigia mstari mwekundu neno "hawakutuelewa" kimekosa mtu anayejua viambishi vya kitenzi, wala si msimbo peke yake.

Nawaomba vijana wetu wanaoshiriki miradi hii, wa Dar es Salaam na Nairobi, waweke ukurasa mmoja wa Kiswahili ambapo mtu ataandika neno lililokosewa na lile analolipendekeza, kisha mmoja wao alifikishe kwenye msimbo na kumtaja aliyelileta, kama anavyotajwa mwandishi wa programu. Ukurasa huo ukiwapo, nitaanza na menyu yote ya faili.

Mwalimu wa Kiswahili,
Morogoro