Barua ya wazi kwa vijana wanaoandika maisha ya askari wastaafu

Wajukuu zangu wa Moshi na wa Arusha, nawasalimu.

Mwezi uliopita wawili kati yenu walifika kwangu Kiboriloni kuuliza kama marehemu mume wangu, aliyepigana vita vya Kagera, aliacha chochote kilichoandikwa. Niliwapa chai, nikawajibu kwa mkato, wakaaga. Baadaye nilijutia mkato ule, na nimeona niwaandikie wote kwa pamoja, maana nasikia mko wengi na mnazunguka na simu zenu kutoka Marangu hadi Monduli mkirekodi wanajeshi na polisi waliostaafu. Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka 34, kwa hiyo mtanivumilia pale nitakapoonekana kama ninayesahihisha daftari.

Swali la kwanza mlilonitupia lilikuwa, "Babu aliua wangapi?" Mume wangu aliulizwa swali hilo maisha yake yote, hasa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, na kila mara alitaja idadi tofauti huku akicheka, kisha usiku huo halali. Mimi niliyekuwa kando yake ndiye niliyejua bei ya kicheko kile. Mkiuliza hivyo mtapewa idadi ya kuwanyamazisha, nanyi mtakwenda kuiandika kana kwamba ni habari.

Ulizeni mambo madogo. Nani alimsindikiza siku ya kwenda kuandikishwa, na alivaa viatu vya nani? Mimi nilikaa naye miaka mingi nikiamini kwamba aliingia jeshini kwa kuipenda nchi, jambo ambalo nalo lilikuwa kweli, hadi siku mjukuu wetu alipomuuliza kwa nini kihamba cha babu yake, yaani shamba la migomba la ukoo, kinalimwa na wengine. Ndipo alipoeleza kwamba alikuwa mtoto wa katikati, na kwa desturi yetu Wachagga mtoto wa kwanza na kitinda mimba ndio wanaotazamwa zaidi wakati wa kugawa ardhi, kwa hiyo baba yake alimwambia waziwazi kwamba mgomba wake yeye ataupata huko nje. Jeshi lilikuwa mgomba wake. Jambo hilo halikuwahi kutoka kwenye maswali ya bunduki.

Mtakapofika kwenye vita yenyewe, nendeni na tarehe zenu kichwani, lakini msizitumie kama fimbo. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, daraja la Kyaka likabomolewa mwanzoni mwa Novemba, Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga mvamizi tunavyo, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Hayo yamo vitabuni. Sasa mtashangaa kwamba karibu kila mzee mtakayekutana naye aliingia Kampala siku ile ile. Mume wangu naye aliingia, kila tulipokuwa harusini. Ukweli ni kwamba siku hiyo alikuwa Masaka, mguu umevimba kwa kutembea tangu mpakani Mutukula, na habari za Kampala alizisikia redioni kama nilivyozisikia mimi hapa Moshi. Tulilijua hilo kwa sababu mtoto mmoja alimuuliza siku hiyo alikula nini, akajibu bila kufikiri kwamba alikula ndizi za kuchoma alizopewa na mama mmoja wa Masaka, na kwamba zilikuwa tamu kuliko za kwao Kibosho. Mtu huweza kukosea mahali alipokuwa. Njaa yake huwa haisahau. Basi msimwite mzee mwongo. Andikeni la harusini na la ndizi, yote mawili, na mseme kila moja lilisemwa wapi na mbele ya nani.

Tena msidhani kwamba vita ile ilikuwa Kagera na Uganda peke yake. Machi 1979, wakati majeshi yetu yanasogea kuelekea Kampala, wanasiasa wa Uganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapa hapa Moshi, wakaunda umoja wao na kumchagua Yusuf Lule kuuongoza. Lazima kulikuwa na watu waliosimama lindo mlangoni, waliopika, na waliotandika vitanda. Baadhi yao huenda mnapishana nao kila siku mkienda sokoni, na hakuna aliyewahi kuwaketisha.

Naogopa yasitokee tena yaliyotokea kwa wazee wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Waingereza walipouchukua mji huu wa Moshi kutoka kwa Wajerumani Machi 1916, jeshi lao lilitegemea wapagazi, na kabla vita haijaisha makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikwisha kufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, nasi tukabaki na jina la soko la Kariakoo. Maisha yao hatunayo. Wale wa Keya, jeshi la Waingereza la King's African Rifles, waliopelekwa Abisinia, Madagaska na Bama (Burma) katika vita ya Hitla nao wamekwisha. Jenerali David Musuguri, aliyeanzia huko Keya na baadaye akaongoza askari wetu Uganda, alifariki Oktoba 2024 akiwa amepita miaka 100. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70 kama hajaivuka. Desemba watu wanaporudi nyumbani mlimani ndio wakati wenu, lakini mwendeeni mzee asubuhi, kabla wageni hawajafika na kabla kata ya mbege haijaanza kuzunguka.

Kuhusu polisi nina maneno mengi zaidi, kwa sababu naona mnawapita. Vizazi vya polisi wa nchi hii vimepigishwa kwata katika chuo chao hapa Moshi, na bado mtu akitaja askari shujaa hawazi polisi. Mwanajeshi alirudi kutoka Uganda akapokewa kwa vigelegele. Polisi alimkamata jirani yake kwa kupika gongo, na leo wanakaa benchi moja kanisani. Jirani yangu mmoja, sajini mstaafu, alinieleza juu ya usiku wa ajali ya basi katika miaka ya themanini, alipookota maiti hadi alfajiri kisha akapanda daladala kurudi kota na sare yenye damu, abiria wakijisogeza mbali naye. Nilimuuliza alimweleza nani alipofika. Akasema alipofika mke wake alikuwa anawaamsha watoto kwenda shule.

Kwa hiyo mkae naye zaidi ya mara moja. Akianza kutaja majina ya aliowakamata, msiyaandike, kwa kuwa mtuhumiwa aliyeachiwa mwaka 1987 ana wajukuu nao wana simu. Yeye amekubali kuhojiwa, wale hawakuulizwa. Na akiwaeleza kwamba alimpiga mtu mahabusu, msikimbilie kumtetea wala kumhukumu, bali mwacheni amalize, kisha mumuulize nini kilifuata kesho yake. Likiandikwa likalainishwa, mtakuwa mmemwibia hata ujasiri wa kulisema.

Wake zao muwaulize pia, tena peke yao, maana baba akiwa sebuleni mama atasema "muulizeni mwenyewe". Sisi ndio tulioyajua maisha ya uhamisho: kufunga vyombo kwa taarifa ya siku tatu, watoto kubadilisha shule katikati ya muhula, bustani ya mchicha kuachiwa mtu usiyemjua. Vita ilipokwisha tuliambiwa tufunge mkanda kwa miezi 18, na mkanda haukulegea baada ya miezi hiyo. Nilipanga foleni ya sukari nikiwa mke wa mshindi.

Jambo moja semeni mlangoni kabla hamjaketi: kwamba hamkutumwa na Serikali na hamna uwezo wa kumsaidia mtu mafao yake. Nilipofuatilia mirathi ya mume wangu katika ofisi moja kwa karibu miaka miwili, nilifikia hali ya kumwona kila kijana mwenye daftari kuwa ndiye aliyeleta hundi. Mzee akiwa na matumaini hayo atawaambia anachodhani mnataka kusikia. Na mkishaandika, rudini mumsomee kwa sauti, kwa Kichagga, Kimeru au Kimaasai ikiwa ndiyo lugha aliyoilia, na akisema neno fulani lifutwe, lifuteni mbele yake. Nakala ya kwanza iwe ya nyumba ile, kwenye karatasi, maana simu zenu mnabadilisha kila mwaka.

Wale wawili niliwajibu kwamba mume wangu hakuacha kitu. Si kweli. Liko sanduku la bati chini ya kitanda changu lenye barua tisa alizoniandikia mwaka ule kutoka mstari wa mbele, kwa penseli, na mwandiko wake umefifia kiasi kwamba macho yangu hayauwezi tena. Jumapili baada ya ibada huwa nipo nyumbani. Njooni wawili, si zaidi, mmoja asome na mwingine aandike, na nikisema tupumzike, mzime simu.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu,
Kiboriloni, Moshi