Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Wenye Makovu ya Mapafu Kati Yetu ni Wangapi?

Ndugu wanachama, wagonga kokoto wenzangu, mbukwenyi.

Hesabu za fedha mhazini atazisoma mwenyewe, na orodha ya wanaodaiwa ada imebandikwa ukutani. Miwani na maturubai tuliyonunua yapo stoo, yanaazimwa kwa zamu kama tulivyokubaliana. Muda wangu uliobaki naomba niutumie kumjibu mama mmoja wa upande wa Ntyuka, aliyesimama kwenye kikao cha mwezi wa nne akaniuliza: "Mwenyekiti, huu ugonjwa wa vumbi tunaohubiriwa kila siku, kati yetu sisi wanaougua ni wangapi?"

Siku ile nilibabaika. Tangu hapo swali lake sijalala nalo vizuri.

Ugonjwa wenyewe ni silikosisi. Mawe ya vilima vyetu hapa Dodoma ni granaiti, na ndani ya granaiti mna kwatzi, ile chembe ngumu kama kioo. Ukigonga jiwe, lile vumbi jeupe linalokukaa kwenye nyusi silo baya zaidi. Baya ni lile jembamba lisiloonekana kwa macho, linaloteremka mpaka kwenye vifuko vya hewa. Pafu likishindwa kulitoa linajenga kovu kulizunguka, na penye kovu hewa haipiti tena. Kwa wengi huchukua miaka 10 au zaidi kabla mtu hajaanza kuhema akipanda kilima alichozoea kukipanda na ndoo kichwani. Dawa ya kuliondoa kovu haipo, na linaweza kuendelea kutanuka hata baada ya kuacha nyundo.

Marehemu kaka yangu alichoronga miamba miaka mingi. Alimaliza dozi ya kifua kikuu mara mbili, na mara zote mbili makohozi yake hayakuonyesha vijidudu. Mara ya tatu daktari mmoja akaiegemeza picha yake ya kifua kwenye kioo cha dirisha, akamuuliza: "Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?" Hakuna aliyewahi kumuuliza. Niliiona ile picha kwa macho yangu. Juu ya mapafu yote mawili kulikuwa na vidoa vyeupe, kama mtu amemwaga punje za uwele kwenye ungo mweusi. Huko nyuma, kwenye madaftari ya hospitali, kaka yangu alihesabiwa kuwa mgonjwa wa TB. Ndiyo maana nasema swali la mama yule si dogo. Msinielewe vibaya: vumbi hili humweka mtu kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata TB yenyewe, kwa hiyo kupima makohozi ni lazima. Lakini majibu yakija safi na kikohozi kipo, swali la kazi lazima liulizwe.

Sasa, wangapi? Nimejifunza kwamba jibu linategemea umehesabu wapi na nani amesoma picha. Ukienda machimboni asubuhi ukapima walioshika nyundo, utawakuta wengi wazima, kwa sababu aliyeishiwa pumzi hayupo, amebaki nyumbani anaota jua. Kwenye miaka ya 1990 watafiti waliwafuata waliokuwa wachimbaji kwenye migodi ya Afrika Kusini hukohuko vijijini walikorudi. Botswana walikuta kati ya asilimia 26 na 31 wana mapafu yenye ugonjwa wa vumbi. Eastern Cape, jimbo la Afrika Kusini kwenyewe, utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulitoa namba mbili, asilimia 22 na asilimia 36, kwa watu walewale na picha zilezile. Tofauti ilikuwa msomaji wa picha tu. Hata kwa ule ugonjwa mwingine wa makovu ambao chanzo chake hakijulikani, unaowapata zaidi wazee, utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 ulipata watu 14 kwa kila 100,000 kwa vigezo vikali, na karibu 43 walipolegeza vigezo.

Kwa hiyo ndugu zangu, asilimia yetu leo sitaitaja, ingawa wajumbe wawili wa kamati wamenisihi niitaje ili tusikike. Daftari letu linao waliokuja wenyewe kwa kuwa wanakohoa. Nikiwagawanya hao kwa idadi ya wanachama nitapata namba ya kutisha, na siku mtaalamu akiichambua itaanguka pamoja na heshima yetu.

Tunachotaka ni kuhesabu vizuri. Kamati imekubali tuanze na wale walioacha kazi, nyumba kwa nyumba, tukiandika mambo manne: umri, miaka aliyogonga au kuchoronga, kama amewahi kutumia dozi ya TB na mara ngapi, na kama ana picha ya kifua nyumbani kwake. Picha za zamani msizitupe wala msizizibie dirisha. Mkoa wetu ulihesabiwa watu 3,085,625 kwenye sensa ya 2022, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016 kokoto zetu zimemwagwa kwenye kila msingi mnaouona. Waliozigonga nao wahesabiwe.

Kuhusu kinga, nirudie: kitambaa mdomoni hakizuii vumbi lile jembamba. Kinachosaidia kweli ni kulilowesha jiwe. Najua mnaguna, maana dumu la maji hapa kwetu ni pesa na kiangazi ni kirefu. Ombi la bomba tumelipeleka na tunalifuatilia. Mpaka lije, kaeni upande unakotoka upepo, na watoto wachanga wasilazwe chini ya turubai la kugongea.

Fidia bado ni kidonda. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamhudumia mwenye mwajiri, na sisi wengi tajiri wetu ni fuso linalopita. Hili tumeliandikia barua na halitafungwa.

Daftari jipya liko mezani kwa katibu, karibu na mlango. Kila anayemjua jirani aliyeacha nyundo kwa sababu ya kifua aandikishe jina lake na mtaa kabla ya kutoka. Jumamosi tunaanzia Ntyuka.